Sura ya Nne: Waliokunjwa Wangali Mayai

Viluwiluwi wa vyura ndio waliomtia Inspekta Ruguru shaka ya kwanza.

Alikuwa amechuchumaa kando ya mtaro unaotoa maji katika chumba cha mayai cha Mwalimu Karwirwa, suruali ameikunja hadi magotini, na maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Humo mtaroni viluwiluwi walijaa tele, wanono, wakitikisa mikia bila haraka. Kaa mdogo alichungulia chini ya jiwe, akamwona mgeni, akarudi zake. Na haya ndiyo maji yale yale ambayo, kwa ushahidi uliotolewa kituoni Muthara, yalikuwa yameingia dawa ya kunyunyizia miraa na kuua vitoto vya samaki kisibaki hata kimoja.

"Gitobu," Ruguru aliita bila kuinuka, "sumu inayoua samaki na kuacha viluwiluwi umewahi kuiona?"

Konstebo Gitobu alikuwa mzaliwa wa huku huku Tigania, mtu wa makamo aliyekuwa akisubiri kustaafu kwa hamu kuliko anavyosubiri chakula cha mchana. Alisogea, akaangalia maji, akakuna kidevu.

"Afande, mimi samaki namjua akiwa kwa sahani. Lakini hiyo dawa ikiingia mtoni, hata chura anahama. Hapa hakuna aliyehama."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mwalimu Karwirwa, aliyestaafu kufundisha, alikuwa ameanzisha na akina mama wa kanisa lake ufugaji wa trauti, samaki wa maji baridi, hapa ukingoni mwa msitu juu ya Muthara. Mayai yaliletwa baada ya mwaka mpya, yakatotolewa, vitoto vikalala chini ya trei vikingoja kupata nguvu. Wiki iliyopita, wakati wa kuinuka na kuanza kula, vilianza kuzunguka-zunguka kama vilivyolewa, kisha vikafa. Siku moja kabla ya hapo, jirani yao, Mzee Kaburu, alikuwa amenyunyiza dawa kwenye miraa yake. Gichovi, mlinzi wa mayai, alisema alimwona akioshea pampu kwenye maji ya mwalimu. Kaburu akatiwa ndani.

Kilichomkosesha Ruguru usingizi hakikuwa samaki. Vijana wa akina mama wale walikuwa wameapa kwamba ikifika adhuhuri ya leo, Kaburu akiwa hajapelekwa kortini, watapanda shambani kwake na mashoka kukata mbaine zake, ile miti ya miraa ya kale ambayo babu humwachia baba na baba humwachia mwana. Mtu wa huku unaweza kumwibia ng'ombe akakusamehe. Ukimkatia mbaine, umemfukulia babu yake kaburini.

Asubuhi hiyo, kabla ya kupanda huku, alikuwa amemhoji Kaburu seli. Mzee alikuwa ameketi wima kwenye sakafu ya saruji, jicho la kushoto limefunikwa kwa pamba nyeupe na plasta.

"Mzee, ulinyunyiza dawa?"

"Nilinyunyiza. Miraa ni yangu, dawa ni yangu, mgongo ni wangu."

"Pampu ukaoshea wapi?"

"Kwa boma yangu, kwa pipa. Huyo mtu wa Embu anasema aliniona kwa maji ya mwalimu? Leteni nthenge, Madam! Tupige hiyo mbuzi mimi na yeye, mwenye uongo afe vile mbuzi inakufa. Mimi naapa hata saa hii."

Ruguru alikuwa amekaa Meru muda wa kutosha kujua kwamba kiapo cha beberu si cha kuchezea. Wapo wezi sugu waliokiri makosa yao kwa kuonyeshwa kamba ya yule mbuzi tu.

"Na jicho limefanya nini?"

"Nilipasuliwa. Mwezi wa kwanza wote nilikuwa Meru mjini kwa kijana yangu Kaimenyi, nikitibiwa. Nimerudi mwezi huu nikapata wadudu wanakula miraa kuliko watu." Sauti ikashuka. "Madam, ule mti wa kwa lango, baba alinipatia siku nilitoka jandoni. Akaniambia, sasa wewe ni mwanaume, hii ndiyo itakulisha. Wakikata ule, mniache tu hapa hapa ndani."

Maneno hayo alikuwa amepanda nayo mlima, na sasa, mbele ya viluwiluwi, yalimrudia. Aliinuka, akakausha miguu kwa leso, akaenda kumtafuta mwenye samaki.

Mwalimu Karwirwa alimpokea kwenye veranda, kofia ya sufu kichwani, mgongo umenyooka. Alimkaribisha chai. Ruguru alikataa kwa adabu, maana chai ya mshukiwa ina deni, na kwake yeye kila mtu alikuwa mshukiwa mpaka atoke.

"Mwalimu, Kaburu ameomba kiapo. Nasikia wewe umekataa."

"Mimi ni mzee wa kanisa, Inspekta. Nisimame mbele ya mbuzi ikipigwa, halafu Jumapili nisimame mbele ya watu wa Mungu?"

"Mwingine angesema unaogopa."

"Mwingine aseme."

"Paipu yako ya maji inapita shambani kwa Kaburu. Mwaka jana alitaka kuing'oa."

"Tulielewana."

"Akifungwa, hutahitaji kuelewana naye tena."

Mwalimu aliweka kikombe chini polepole. Macho yake yalikuwa makavu.

"Unaniuliza kama nimeua samaki wangu mwenyewe?"

"Nauliza kila mtu. Mayai yalipofika, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, nikayapokea kwa mikono yangu. Halafu binti yangu Kajuju akajifungua Nairobi, nikaenda kumlea mzazi. Niliporudi nilipata wametoka mayaini, wamelala chini ya trei. Gichovi akaniambia ndivyo walivyo, wanalala hivyo mpaka wamalize kiini cha yai kilicho tumboni. Na ni kweli, ndivyo tulivyofundishwa." Akakigeuza kikombe juu ya meza. "Nilikuwa nikiingia kila asubuhi kuwasalimia. Sikujua asubuhi moja nitasalimia maiti."

Ruguru aliandamwa na maneno hayo hadi nje. Mtu anaweza kulia uongo, amewaona wengi. Lakini Mwalimu hakulia, na Nairobi ni mbali. Alikuwa bado anapima hilo simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Lenah, afisa wa uvuvi kutoka Meru mjini, ambaye jana alipelekewa chupa yenye vitoto vilivyokufa.

"Inspekta, unatafuta muuaji wa wiki jana?"

"Ndiyo."

"Basi umekosea mwezi."

Ruguru alisimama pale pale, mguu mmoja njiani na mwingine kwenye majani.

"Fafanua, tafadhali."

"Hawa nimewaweka chini ya kioo. Migongo imepinda. Wengine taya halifungi, wengine moyo umevimba. Sasa, dawa inaweza kuua samaki leo, sawa. Lakini haiwezi kupinda mgongo uliokwisha kuumbwa. Hawa waliharibika wakiwa ndani ya yai, tena mwanzo kabisa, kabla hata macho hayajaonekana."

"Kitu gani kinaharibu hivyo?"

"Vitu vingi vinaweza, lakini kwa trauti mimi ningeanza na joto. Huyu ni samaki wa baridi. Yai lake likipata maji ya vuguvugu, kitoto kinaumbwa mbio mbio, hakuna kitu kinapata nafasi yake. Kinatoka kabla ya siku zake, kidogo, kimejikunja. Ukikiangalia juu juu kimelala vizuri, maana wote hulala. Shida unaiona siku ya kuogelea. Uliza kama walitoka mapema."

"Maji ya hapa, Lenah, yanauma meno."

"Ndiyo maana ninakushangaa. Mtu ameyapasha moto."

Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga. Hawa walikuwa wamekunjwa mapema zaidi ya hapo, wangali mayai, na wakati huo Kaburu alikuwa kitandani Meru na bandeji jichoni. Mwalimu alikuwa Nairobi akibembeleza mjukuu. Ruguru hakuhitaji vidole vya mkono mzima kuhesabu waliobaki.

Gichovi alikuwa ndani ya chumba cha mayai, akisugua trei tupu kana kwamba bado kuna atakayelala humo. Alikuwa mtu wa Mbeere huko Embu, upande wa Kiritiri, uwanda wa joto ambako Ruguru mwenyewe alizaliwa. Alipomwona alitabasamu, akamsalimia kwa Kimbeere, na Ruguru akajikuta amejibu kwa furaha kabla hajajizuia. Ugenini, lugha ya nyumbani ni tamu kuliko asali. Ndiyo maana aliamua kuendelea kwa Kiswahili.

"Gichovi, huko nyumbani ulikuwa unafuga tilapia, sivyo?"

"Miaka mingi, Afande. Bwawa letu wote wanalijua. Mwalimu alinitafuta kwa sababu ya hiyo sifa."

"Nisaidie basi. Siku ile ulimwona Kaburu karibu?"

"Karibu kabisa. Hapo juu, paipu inapochukua maji. Kwa haya macho yangu mawili."

"Na yeye alikuwa na macho mangapi?"

"Vipi, Afande?"

"Alikuwa amejifunga chochote usoni?"

Burashi ilisimama ndani ya trei. "Kofia," alisema. "Alikuwa na kofia. Uso sikuangalia sana."

"Karibu kabisa, lakini uso hukuangalia." Ruguru hakubadili sauti, akaenda zake dirishani kama mtu anayepoteza wakati. "Na hawa watoto walitoka vizuri? Nasikia unajua kazi."

Hapo uso wa Gichovi ulichanua. Sifa ni chambo kibaya, haijawahi kukosa samaki.

"Walitoka mbio! Mwalimu alikuwa bado Nairobi, nikampigia simu nikamwambia, wageni wamekuja kabla ya siku. Hata yeye alishangaa. Mkono wangu una baraka, Afande, kwetu wote wanasema hivyo."

"Kwa maji baridi namna hii, wakaja mapema?"

Gichovi alirudi kusugua trei iliyokwisha takata.

Ruguru alitoka nje, akaufuata ukuta hadi mahali paipu nyeusi inapotoka ardhini na kuingia chumbani. Palikuwa na kiungo kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, raundi juu ya raundi. Aliufungua kwa kisu. Chini yake paipu ilikuwa imekatwa na kuunganishwa tena.

"Hii ni nini?"

"Nguruwe pori," Gichovi alisema nyuma yake. "Alichimba akapasua."

"Nguruwe wa huku wana msumeno? Angalia mkato ulivyonyooka."

Gichovi hakuangalia. Aliangalia juu, nukta moja tu, kisha akarudisha macho chini haraka. Ruguru alifuata njia ya macho yale. Juu kulikuwa na paa la mabati, na jua la Februari likiwaka juu yake bila wingu.

"Gitobu, panda."

"Mimi, Afande? Nimebakisha kidogo nistaafu. Nisife kwa mabati ya mwalimu."

"Panda, mzee wangu. Ukianguka nitakushika."

"Na hiyo mikono?" Gitobu alinung'unika, lakini alipanda, viatu vikipiga mabati ngo ngo ngo. Vumbi jekundu la barabara, ambalo mvua ilikuwa bado haijaliosha, lilimwagika pembeni. Kisha hatua zikanyamaza.

"Afande, kuna miviringo huku. Kwa vumbi. Ni kama mtu aliviringisha nyoka mrefu akamwanika paa zima. Na hii misumari imefungwa vipande vya waya."

"Paipu," Ruguru alisema, akimgeukia Gichovi. "Iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya choo, chini ya majani ya migomba. Hakukuwa na haja ya kumwonyesha, aliielekeza mwenyewe kwa kidevu, kisha akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Kwetu unajua vile iko," alianza, safari hii kwa sauti ya mtu anayeomba. "Tilapia mdogo anakimbilia pale kwa jua, pembeni, pale maji ni ya moto. Sisi tunamtafutia joto. Baridi inaua. Mwalimu ameenda, mimi niko peke yangu na hayo mayai, asubuhi naweka mkono ndani ya maji nasikia uchungu mpaka kwa bega. Nikasema, hawa watakufa na nitaambiwa nini? Nikapitisha maji juu ya mabati. Mchana yalikuja vuguvugu, mazuri, unaweza kuogesha mtoto. Usiku baridi, mchana moto. Na wakatoka haraka, Afande, nikamshukuru Mungu."

"Halafu ukaona migongo."

"Nikaona. Sikuona siku ya kwanza. Nikatoa paipu. Nikasema watanyooka."

"Na walipokufa?"

"Watu walikuja wote mara moja, wanapiga kelele, ni nani, ni nani. Na Kaburu alikuwa amepiga dawa jana yake." Alifuta uso kwa kiganja. "Jina lilitoka tu."

Ruguru alimhurumia, tena sana. Aliyaona mabwawa ya Kiritiri, maji ya rangi ya chai, vitoto vya samaki vimejazana pembeni penye jua, na bibi yake akimwambia asiwatie kivuli. Angeachiwa mayai haya yeye, na mkono wake ukauma vile, huenda angepanda juu ya mabati yale yale. Lakini pamoja na huruma alisikia hasira ikimpanda, maana huyu mtu alikuwa amelala na kuamka siku zote hizo akijua nani yuko seli kwa ajili yake.

Gichovi alirudi kwenye Kimbeere. "Mwana wa kwetu, niokoe. Sema ni nguruwe."

"Maji ulikosea kwa kutojua," Ruguru alimjibu kwa lugha ile ile. "Kaburu ulimkosea ukijua."

"Afande!" Gitobu alikuwa bado juu ya paa, mkono umekinga jua, akitazama ng'ambo ya bonde. "Afande, hawa watoto hawakungoja saa sita. Wako kwa Kaburu!"

Na ndipo wote wakasikia, kavu, likija kwa kuchelewa kidogo kuvuka bonde: shoka.

Mwalimu Karwirwa alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba. Hakuna aliyejua alikuwa hapo tangu lini, lakini uso wake ulisema alisikia ya kutosha. Hakumtukana Gichovi. Alimshika mkono juu ya kiwiko, jinsi anavyoshikwa mwanafunzi anayepelekwa mbele ya darasa, akasema, "Twende ukaseme mwenyewe."

Walishuka bonde wakikimbia, mwalimu mbele, kofia imeanguka, Gichovi akivutwa, Ruguru na Gitobu nyuma yao wakihema. Kabla hawajafika, mwalimu alianza kuita majina. Aliwajua wote, aliwafundisha kusoma na kuandika. Jina baada ya jina lilipanda kilimani, na kila lilipotua, shoka moja lilinyamaza. Walipofika langoni kwa Kaburu, vijana walikuwa wamesimama wameinamisha vichwa, jasho likiwatiririka.

"Sema," mwalimu alimwambia Gichovi.

"Ni mimi," Gichovi alisema. Hakusikika. Akarudia kwa sauti, na sauti ikapasuka, "Kaburu hajafanya kitu! Ni mimi!"

Hakuna aliyemgusa. Labda wangemgusa kama wasingekuwa wanatazama chini, pale ulipolala mti mmoja, shina lake la kijivu limepasuka, machipukizi mekundu yametapakaa vumbini. Walikuwa wameanza na uliokuwa karibu zaidi na lango.

Ruguru alikifungua kile chumba cha seli yeye mwenyewe, mchana ule ule. Gichovi alikuwa tayari upande wa pili wa kaunta, akiandikisha maelezo yake kwa Gitobu. Kaburu aliinuka taratibu, akajipangusa suruali, akasikiliza maneno ya Ruguru mpaka mwisho: mayai, joto, paipu, mabati. Hakuuliza chochote kuhusu samaki.

"Nimesikia askari wakiongea," alisema. "Wamekata?"

"Mmoja, Mzee. Tulichelewa kidogo."

"Gani?"

Ruguru alikuwa amehoji wauaji bila kupepesa jicho. Sasa alitafuta pa kuyaweka macho yake, akakosa.

"Nimeambiwa miraa ikikatwa huchipuka tena kwenye kisiki," alisema.

"Inachipuka." Mzee alimtazama kwa lile jicho moja zima, bila chuki. "Mwaka kesho itakuwa na majani. Lakini kuwa mbaine, Madam, inataka mtu azaliwe, azeeke, afe. Mimi nimebakisha hiyo ya mwisho tu."

Akachukua kofia yake juu ya kaunta, akampita Gichovi bila kumwangalia, akatoka kwenda kuuona mti wake.